Babu amesoma vyote, mjukuu hasomi chochote: nipeleke kitabu gani Krismasi?

BARUA

Salaam nyingi. Desemba tunapanda Moshi kwa Krismasi kama kawaida, na mimi ndiye ninayebeba zawadi za nyumba nzima ya wakwe. Miaka mitatu sasa nimekuwa nikipeleka vitabu, maana nimechoka kupeleka kanga na seti za vikombe, lakini mambo hayaendi.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ana miaka 74, na kusoma ndiyo kazi yake tangu chai ya asubuhi hadi giza linapoingia. Mwaka juzi nilimpelekea *Kusadikika*. Alishukuru sana, kisha nikamwona anakwenda kukipanga rafuni kando ya *Kusadikika* nyingine mbili, moja imejaa mistari ya kalamu yake.

Kijana, mtoto wa shemeji yangu, anaishi hapo hapo kwa babu yake. Ana miaka 15, ametoka kufanya upimaji wa kidato cha pili. Yeye ni mpira na simu. Mwaka jana nilimnunulia kitabu kinene cha Kiingereza cha namna ya kufanikiwa maishani. Nilipokwenda Pasaka nilikikuta chini ya mguu wa stendi ya televisheni, kimekunjwa mara mbili ili stendi isiyumbe.

Wapo pia binti yangu wa darasa la pili, ambaye anapenda kusomewa ila akishika mwenyewe anachoka ukurasa wa kwanza, na wifi yangu wa Nairobi anayesoma kila kitu na kununua kila kitu kabla sijafika. Nimetenga shilingi 120,000 kwa wote wanne. Nisaidieni, au nirudi kwenye vikombe?

Mama Mdogo, Tabata, Dar es Salaam

JAWABU

Mama Mdogo, vikombe viache dukani. Pesa yako inatosha na muda unao, ila kuna kosa moja linalopita katika zawadi zako zote mbili ulizotaja: uliwanunulia watu usiowajua vizuri. *Kusadikika* ulimnunulia mwalimu yeyote wa Kiswahili, na kile kitabu cha mafanikio ulimnunulia kijana unayetamani awe. Yule aliyekipokea alielewa ujumbe wake kabla hajakifungua: kwamba ana kasoro na kitabu hiki ni dawa yake. Hakuna anayekunywa dawa siku ya Krismasi kwa hiari.

Tuanze na huyo kijana, maana ndiye mgumu.

Kabla ya kununua chochote, jua kwa nini hasomi. Sababu huwa chache, na kila moja ina zawadi yake. Ya kwanza ni macho. Kama anasogeza daftari karibu na pua, analalamika kichwa kuuma jioni, au darasani hunakili kwa jirani badala ya ubaoni, zawadi yake ya mwaka huu ni kupimwa macho na miwani. Kitabu kitangoja.

Ya pili, ambayo ndiyo tunayoihisi kwa huyu wako, ni lugha. Shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anasoma hadithi kwa raha anajikuta anasoma neno kwa neno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baada ya miaka miwili ya hivyo, anaamini kwamba kusoma kwenyewe ndiko kunakochosha. Wewe ukamletea kitabu kinene cha Kiingereza. Hapo stendi ya televisheni ilipata bahati yake.

Ya tatu ni kwamba pengine anasoma, ila hamhesabu. Muulize, bila sauti ya upelelezi, anafuata nini kwenye simu. Vijana wengi wanafuata hadithi za kuendelea zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza hadi ya arobaini, na wanasubiri sehemu inayofuata kwa hasira. Ikifika dirisha dogo la usajili, uchambuzi wa nani anakwenda Simba na nani anaachwa Yanga unaweza kufika maneno elfu moja. Anayemaliza hiyo yote anajua kusoma vizuri sana. Kinachomshinda ni umbo la kitabu na kumbukumbu anazobeba nacho.

Kwa hiyo mnunulie hivi. Lugha iwe Kiswahili. Unene usizidi kurasa 120 hivi. Sura ziwe fupi, kurasa sita hadi nane, ili aweze kumaliza moja kabla simu haijalia. Kisha simama hapo hapo dukani usome kurasa tatu za mwanzo. Kama hadi mwisho wa ukurasa wa tatu hakuna aliyekufa, aliyetoroka, aliyedanganya wala aliyeibiwa, kirudishe rafuni hata kama mwandishi ana jina kubwa. Msomaji mzoefu humvumilia mwandishi anayeeleza mawingu, lakini huyu wako atarudi kwenye simu.

Kiswahili kina hazina ya riwaya za namna hiyo. Elvis Musiba alimuumba jasusi Willy Gamba, na *Kikosi cha Kisasi* kinampeleka hadi Kinshasa. Ben Mtobwa ana Joram Kiango wake. Vitabu hivi viliandikwa kusomwa kwenye daladala na kumalizwa usiku, na mwendo wao ndio kijana anaoujua kutoka kwenye filamu. Angalizo moja: viliandikiwa watu wazima. Kuna damu, kuna vyumba vya hoteli. Pitia mwenyewe kwanza na uzungumze na shemeji yako, usije ukasubiri babu akifungue katikati mbele ya wageni. Ukiona hakifai, *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya *Animal Farm* ya George Orwell, ni chembamba, kinakwenda mbio, na wanyama wanaopindua serikali hawamwaibishi mtu sebuleni.

Sasa mitego. Usimpe kitabu cha mtihani. *Watoto wa Mama N'tilie* na *Takadini* ni vitabu vizuri, lakini kwa miaka mingi vimekaa kwenye orodha ya fasihi ya sekondari, na kijana akiona jalada tu anasikia swali la insha likija. Mtego wa pili unanasa hata walimu. Mtu anaingia dukani, anaona *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, toleo la 1990, kitabu chembamba kweli kweli, anasema hiki kitamfaa asiyependa kusoma. Hapana! Ni kati ya maandishi magumu zaidi ya Kiswahili. Profesa anakisoma mara tatu na bado anabishana na mwenzake. Wembamba wa kitabu haukuambii uzito wake. Na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, pamoja na kiko chake na msaidizi wake Najum, tungemweka wa pili au wa tatu kwa kijana huyu. Mafumbo yake ni matamu, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani na mazungumzo ni marefu. Kijana wa Moshi anayeanza anaweza kuchoka kabla maiti haijapatikana.

Kitabu kimoja hakitoshi, na hili wengi hulikosea. Mpe vitu vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa: riwaya moja fupi, gazeti la michezo la wiki hiyo (*Mwanaspoti* ni kusoma, asikudanganye mtu), na kitu cha kufanya kwa mikono au kwa ubishi. Kwa mpenda mpira, chapisha kwenye steshenari Sheria ya 11 kati ya zile sheria 17 za soka. Hiyo ndiyo ya kuotea. Ni kurasa chache tu, na nyumba nzima itabishana juu yake wakati wa mechi. Safari hii yeye ndiye atakuwa na karatasi mkononi. Kama pesa inaruhusu, ongeza taa ndogo ya kuchaji inayobanwa kwenye kitabu. Umeme ukikatika jioni, simu inabaki na asilimia 9 na watu wote wamekaa gizani, kitabu chenye taa kinakuwa kitu kingine kabisa.

Kuhusu kumkabidhi. Usimwite mbele ya ukoo ukatangaza kwamba umemletea kitabu ili abadilike. Mpe pembeni, sentensi moja tu: "Huyu jamaa anauawa ukurasa wa pili, sijui nani kamuua." Ndani usiandike nasaha. Andika jina lake, mwaka, na jina lako, basi. Na usiulize umefika wapi. Swali hilo ni la mwalimu wa zamu. Ukitaka kujua kama anasoma, kisome wewe pia, halafu sema kitu cha uongo kidogo kuhusu kisa. Akikusahihisha, umepata jibu.

Jambo moja zaidi ambalo ni lazima lisemwe kwa sababu ya nyumba mliyo nayo: msimfanye kijana amsomee babu kwa sauti. Linaonekana wazo zuri, macho ya mzee yamechoka, mjukuu anajizoeza. Lakini mzee ni mwalimu wa Kiswahili, atamrekebisha kila matamshi, na msomaji anayejikwaa mbele ya mwalimu hujikwaa zaidi. Geuzeni. Babu amsomee yeye, sura moja jioni, na aache pale panapowaka moto. Sura inayofuata itasomwa usiku huo huo bila ya babu.

Tuje kwa babu mwenyewe. Kumpa kitabu aliyesoma vyote ni kazi ya upelelezi, na unaye mpelelezi ndani ya nyumba: kijana na simu yake. Mwombe akupigie picha za rafu ya babu mchana, karibu na dirisha, rafu moja picha moja, migongo ya vitabu isomeke. Asisahau sanduku lililo chini ya kitanda. Mwalimu mstaafu hakosi sanduku chini ya kitanda. Ukizipata picha, usitafute alichonacho. Tafuta mapengo. Kama ana *Kuli* na *Kasri ya Mwinyi Fuad* za Adam Shafi lakini hana *Haini* ya 2003, umeshapata. Kama Kezilahabi wake ni *Rosa Mistika* peke yake, hapo ndipo *Nagona* tuliyoikataa kwa mjukuu inapopata mtu wake.

Mwambie kijana amuulize pia, kama anayepiga soga tu: "Babu, ni kitabu gani uliazimisha hakikurudi?" Kila mpenzi wa vitabu ana kidonda hicho. Atakutajia jina la kitabu, jina la aliyekichukua, mwaka, na mvua iliyokuwa inanyesha siku hiyo. Ukikipata hicho kwa wauza vitabu vya zamani, hata kama kimechoka na kina jina la mtu mwingine ndani, hakuna kitabu kipya kitakachokishinda. Hiyo ndiyo zawadi tungeihangaikia kwanza.

Usipokipata, nenda kwenye vilivyotoka baada ya yeye kuacha kununua. Wastaafu wengi rafu zao zinasimama mwaka waliostaafu, kwa sababu bei zilipanda na duka liko mbali. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Mwalimu wa Kiswahili atakisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa kisa, mara ya pili akiwa na kalamu, akimsahihisha mfasiri. Mwachie starehe yake. *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, nayo haina uwezekano mkubwa wa kuwa imeshafika rafuni kwake.

Angalia kamusi yake pia kwenye picha. Kama *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* aliyonayo ni ile ya 1981, toleo la tatu la 2013 lina maneno ambayo amekuwa akiyalaani redioni bila kuyapata kwenye kamusi. BAKITA nao wana *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya 2015. Kasoro ya kamusi zote ni udogo wa herufi, kwa hiyo ukinunua kamusi, nunua na kioo cha kukuzia cha mkono. Kwa riwaya pia pima herufi: shika kitabu umbali wa sentimita 40 hivi kutoka usoni, mahali penye mwanga hafifu wa duka. Kama wewe mwenyewe unakunja uso, yeye hatamaliza. Matoleo mengine ya vitabu vya zamani hutengenezwa kwa kupiga picha kurasa za toleo la kwanza, na herufi hutoka nene, zimevimba, matundu ya *a* na *e* yamezibika wino.

Binti yako wa darasa la pili hana tatizo, ana kitabu kisichomtosha. Mtoto wa umri huo bado anapambana na silabi kama *mbw*, *nyw* na *ng'*, na ukurasa wenye sentensi ndefu unamwishia nguvu kabla hajafika kwenye maana. Tumia vidole. Fungua kitabu katikati, asome ukurasa mmoja kwa sauti, na kila neno linalomshinda anainua kidole. Kidole kimoja au viwili, kitabu kinamfaa asome mwenyewe. Vitatu au vinne, msome pamoja. Vitano, kiwe cha kusomewa, mwakani atakirudia. Nunua kimoja cha kila aina. Hakuna ubaya mtoto kuwa na kitabu cha kusomewa na kingine cha kujisifia.

Na kwake unaweza kubana matumizi. African Storybook wanatoa bure hadithi za watoto zenye picha, Kiswahili kikiwemo, na zinaruhusiwa kuchapishwa mradi usifute majina ya mwandishi na mchoraji. Chagua hadithi, nenda steshenari na uombe wachape kwa mpango wa kijitabu: karatasi 4 za A4, mbele na nyuma, zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Mwambie mchapaji ageuze kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Hilo ndilo kosa linalotokea kila mara. Chapeni nakala moja ya wino mweusi kwanza, mkunje, muhesabu. Karatasi ya nje kabisa iwe na ukurasa wa 1 na wa 16, na ukiigeuza ukute wa 2 na wa 15. Ikiwa sawa, ndipo mtoe ya rangi.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, kwa hiyo shona. Weka jalada la manila nje, kunja vyote pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 6 juu na 6 chini yake. Chukua uzi wa sentimita 50. Anzia ndani kwenye tundu la kati utoke nje, ukiacha mkia. Ingia kwa tundu la juu. Ukiwa ndani, ruka la kati, tokea tundu la chini. Rudi ndani kwa lile la kati. Mikia miwili sasa iko ndani, mmoja kila upande wa uzi mrefu. Funga fundo juu ya uzi huo, kata. Dakika kumi. Andika jina la mtoto kwenye jalada kwa herufi kubwa, maana kitabu chenye jina lake hatakubali mtu mwingine amsomee.

Wifi yako tusimpotezee muda. Anayenunua kila kitu Nairobi hapati kirahisi vinavyochapwa Dar es Salaam, na udhaifu wake uko hapo. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, ni nene ya kutosha kumshughulisha hadi mwaka mpya. Au *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert kama anapenda taarabu. Omba risiti na uulize kama duka linabadilisha kitabu na kwa muda gani. Jina lake andika kwenye kikaratasi, usiandike ndani ya kitabu, hadi atakaposema hana. Akiwa nacho, kitabu hicho hicho kinafaa kuwa cha babu.

Pesa tungeigawa hivi: babu 35,000, kijana 35,000, wifi 25,000, binti 15,000, na 10,000 ya nailoni, karatasi za zawadi na kupandishwa bei. Ukizidiwa, punguza kwa wifi. Ana kazi.

Duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora na Soma Book Café ya Mikocheni ni pa kuanzia kwa vipya; piga simu kwanza, ukitaja jina la kitabu na la mwandishi. Usingoje wiki ya Krismasi. Kitabu cha Kiswahili kikiisha dukani huenda kisirudi hadi kichapwe tena.

Musiba na Mtobwa, na kile kitabu cha babu kisichorudi, vinaweza kukupeleka kwa wauzaji wa barabarani wanaopanga vitabu kwenye turubai. Hapo ndipo watu wanapoumia. Vitabu hufungwa kwa makunjo, mara nyingi ya kurasa 16 kila moja, na kunjo likichomoka linaondoka na kurasa 16 mfululizo. Kwa hiyo usikague juu juu. Pitia namba za kurasa pale 16 inapokutana na 17, 32 na 33, 48 na 49, hadi mwisho, na hakikisha ukurasa wa mwisho upo. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa nane za mwisho ni ukatili. Fungua katikati uvute kidogo: gundi iliyokauka itakwambia kwa mlio. Kama kitabu kinadaiwa kuwa kipya lakini wino umefifia upande mmoja, pembe zimekatwa upogo na jalada limefifia rangi, ni nakala ya wizi. Angalia namba ya ISBN nyuma. Nyingi za Tanzania baada ya 978 hufuatwa na 9976 au 9987, na nyingi za Kenya 9966. Namba inayopishana kati ya jalada la nyuma na ukurasa wa ndani ni dalili mbaya.

Kitabu cha zamani kinachonuka uvundo kisiingie kwenye rafu ya mzee moja kwa moja. Wadudu wa karatasi watafurahia *Kusadikika* zote tatu. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza wiki nzima, kisha kitoe na ukiache kwenye mfuko huo huo siku nzima kabla ya kufungua. Ukifungua kikiwa baridi, unyevu wa Dar unakigandia na kurasa zinavimba. Baadaye kianike kivulini na hewa, kurasa zikiwa wazi, bila jua kali.

Safarini vibebe mkononi. Basi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na buti la chini lina mchele, samaki na ndoo ya mtu yenye mafuta. Wala usimpe binti kijitabu chake njiani. Kusoma gari likitembea kunaleta kichefuchefu, na kumbukumbu hiyo ya kwanza ya kitabu chake haitafutika.

Na kile cha mafanikio kilicho chini ya stendi, kiache pale pale. Ila pitia kwa fundi seremala Tabata ukachukue kipande cha ubao chenye unene kama huo. Kijana akitaka siku moja kukichomoa mwenyewe, televisheni isianguke.